Barafu kwenye kabureta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaorusha ndege ndogo Arusha na Moshi

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa urubani, wenye ndege, mafundi, na mara nyingine abiria aliyekaa kiti cha mbele akaona rubani anavuta kitu asichokielewa. Majibu yanahusu injini za pistoni zenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye silinda. Mwongozo wa mtengenezaji wa ndege yako ndio wenye kauli ya mwisho. Ukitofautiana na yaliyoandikwa hapa, fuata mwongozo.

## Mambo ya msingi

Barafu Arusha? Huo si utani?

Si utani. Barafu hii haidondoki kutoka angani, inatengenezwa ndani ya injini yenyewe. Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta, yaani venturi, inakwenda kasi, presha yake inashuka na joto lake linashuka pia. Hapohapo petroli inanyunyizwa, na inapogeuka mvuke inachukua joto la hewa na la chuma kilichoizunguka. Mambo hayo mawili, hasa hilo la pili, huweza kuishusha hewa kwa nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, na pengine zaidi. Kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 18 pale kiwanja cha Arusha, Kisongo, ndani ya kabureta yako kunaweza kuwa chini ya sifuri. Unyevu uliomo hewani unaganda kwenye kuta za koo na kwenye bamba la throtoli, lile linalofungua na kubana njia ya hewa.

Mama ntilie anayeunganisha mtungi mdogo wa gesi kwenye jiko kubwa anaijua fizikia hii vizuri tu: mtungi unapoa na kutoka jasho hata saa saba mchana, kwa sababu gesi inayogeuka mvuke ndani yake inabeba joto la chuma.

Barafu ndogo hivyo inapunguzaje nguvu?

Kwanza inabana njia, hewa inaingia kidogo. Pili, hewa ikipungua na mafuta yakaendelea kuja, mchanganyiko unakuwa mzito na injini inaanza kukohoa. Tatu, barafu ikiganda kwenye ukingo wa bamba la throtoli inaweza kulishika bamba lisizunguke. Unasukuma kishikio na hakuna kinachotokea.

Kumbuka pia kwamba huku kwetu tunaanza na upungufu. Kiwanja cha Arusha kiko karibu futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo ikiwa imefunguliwa hadi mwisho hapo inatoa kama asilimia 85 tu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Barafu inakula kutoka kwenye hicho kilichobaki.

Ndege zipi zinahusika?

Zile zenye kabureta ya boya: Cessna 150 na 152, Cessna 172 za zamani, Cessna 182 za zamani, Piper Cherokee nyingi, na ndege nyepesi zenye injini ya Rotax 912 ya kabureta. Cessna 172 zilizotengenezwa kuanzia 1996 zinatumia injekta, hazina kabureta.

Mahali kabureta ilipofungwa pana maana kubwa. Kwenye injini nyingi za Lycoming imefungwa chini ya kasha la oili, kwa hiyo inapata joto la oili. Kwenye Continental O-200 ya Cessna 150 na O-470 ya Cessna 182 kabureta haina upendeleo huo, na injini hizo zina sifa mbaya ya kushika barafu. Rubani aliyezoea Cherokee akihamia Cessna 150 asidhani tabia ni ileile.

Na zile Caravan zinazopeleka watalii Serengeti?

Hapana. Cessna Caravan inatumia turbini, na turbini haina kabureta. Ina mambo yake ya barafu, lakini siyo haya.

## Hali ya hewa ya kwetu

Miezi gani ni ya kuogopa zaidi?

Watu wengi hujibu "masika", na si jibu baya: kuanzia Machi hadi Mei hewa imejaa maji. Lakini ukiniuliza mimi, nitakuambia Juni, Julai na Agosti. Kipindi hicho mawingu mazito ya chini hukaa kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro tangu alfajiri, manyunyu yanakuja na kuondoka, na joto la asubuhi Arusha linacheza kwenye nyuzi 12 hadi 18. Hakuna radi, hakuna mvua kubwa ya kumtisha mtu. Rubani anasubiri wingu lipande, linapanda kidogo, anaruka chini yake. Hapo ndipo alipo katikati kabisa ya eneo la hatari, na anaona siku imetulia.

Vitabu vya mafunzo vya Marekani vinasema uwezekano mkubwa ni joto likiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 80. Vitabu hivyohivyo vinasema barafu inaweza kutokea hata kwenye nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 50. Kwa maneno mengine, mwaka wetu karibu wote umo humo. Kinachobadilika ni ukali wake.

Vuli ya Novemba na Desemba iko katikati. Januari na Februari, mchana wa jua kali na hewa kavu, una nafuu, lakini usisahau kuwa ukipanda futi 1,000 joto linashuka kama nyuzi 2, na unyevu unazidi kukaribia kujaa kadiri unavyolikaribia wingu.

Nisome nini kwenye METAR, ile taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja?

Tarakimu mbili zenye mkwaju katikati: ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ni joto la umande. Tofauti yao ikiwa ndogo, hewa inakaribia kujaa maji. Ukiona 18/16 kwenye taarifa ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), unyevu ni karibu asilimia 88, siku mbaya. Ukiona 24/17, ni karibu asilimia 65. Bado unaweza kupata barafu kali ukishuka na nguvu ndogo. Ukiona 28/16, umeshuka hadi karibu asilimia 48, na wasiwasi unapungua bila kwisha.

Lakini KIA iko chini kwenye tambarare, karibu futi 2,900. Wewe unaruka kwenye futi 6,000 au 7,000 ukipita pembeni mwa Meru. Taarifa ya chini haikuambii kilichopo huko juu. Wingu likiwa juu yako kidogo tu, chukulia kwamba hewa unayopita imejaa.

Moshi ni joto kuliko Arusha. Kuna nafuu?

Kidogo sana. Kiwanja cha Moshi kipo karibu futi 2,800, kwa hiyo kuna nyuzi chache za ziada. Ila hewa ya joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na Kilimanjaro inakusukumia mawingu mpaka mlangoni. Ile siku ambayo huoni mlima hata kidogo kutoka barabara ya Arusha, vuta mapema kishikio cha joto la kabureta, kile kinacholeta hewa ya moto kwenye injini.

## Dalili

Nitajuaje kwamba ni barafu?

Kama propela yako haibadilishi pembe, mita ya mizunguko inashuka polepole bila wewe kugusa throtoli. Mizunguko 50, halafu 50 mingine. Rubani wengi wanasukuma throtoli mbele kidogo bila hata kufikiri, kisha tena baada ya dakika chache. Ukijikuta umesukuma mara mbili na ndege ipo kwenye kimo kilekile na kasi ileile, acha kusukuma. Vuta joto la kabureta.

Kama propela inajirekebisha yenyewe, mizunguko haitakuambia chochote, maana kazi ya kifaa chake ni kuifanya isibadilike. Tazama presha ya manifoldi, yaani ya hewa iliyo kwenye bomba la kuingilia injini. Ikishuka bila sababu, ndiyo dalili.

Kutetemeka na kukohoa kunakuja baadaye. Ukisubiri injini ikohoe ndipo uamini, umechelewa.

Mbona nilikuwa nashuka vizuri kabisa, halafu niliposukuma throtoli injini haikuitika?

Hili ndilo swali linalostahili kusomwa mara mbili, kwa sababu ajali za aina hii hujificha hapa.

Unaposhuka kuelekea Arusha umefunga throtoli. Bamba limebaki na upenyo mwembamba, presha nyuma yake ni ndogo, baridi inazidi, na barafu inahitaji kujenga kidogo tu ili kuziba upenyo huo. Wakati huohuo dalili zote zimefichwa. Propela inazungushwa na upepo, kwa hiyo mizunguko inaonekana ya kawaida. Nguvu hujaiomba, kwa hiyo hujui kwamba haipo. Injini imekuwa kimya kwa sababu wewe umeinyamazisha. Na kwa kuwa injini inazalisha joto dogo, hata ekzosi imepoa, na ekzosi ndiyo chanzo cha joto la kabureta.

Kwa hiyo kwenye kushuka usisubiri dalili. Vuta joto lote kabla ya kupunguza nguvu, wakati ekzosi bado ni ya moto. Kila baada ya futi 500 hadi 1,000 sukuma throtoli kwa sekunde chache: unaipasha injini joto, na unahakikisha kuwa bado inaitika ungali na kimo cha kufanya uamuzi.

Nitatofautishaje barafu na mchanganyiko mzito? Huku juu vyote vinafanana.

Ni kweli vinafanana, na hili ni tatizo la kwetu kuliko la marubani wa Dar es Salaam au Tanga. Kwenye futi 4,550, ukiacha kishikio chekundu cha mchanganyiko kimesukumwa hadi mwisho, injini nyingi zinapata mafuta kupita kiasi, zinatetemeka na kukosa nguvu hata bila barafu. Ukivuta joto unaongeza uzito wa mchanganyiko, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, na kutetemeka kunazidi.

Njia ya kutofautisha ni kutazama kinachofuata. Vuta joto lote na usubiri angalau sekunde 15. Mizunguko ikishuka na kubaki palepale, kisha ikarudi pale ilipokuwa mwanzo ulipozima joto, hapakuwa na barafu. Ikishuka, injini ikatetemeka, halafu ikaanza kupanda yenyewe joto likiwa bado limevutwa, ilikuwa barafu. Ukizima joto utaona mizunguko iko juu kuliko ulipoanzia. Ikishuka, ikatetemeka, na ikatulia tu ulipovuta kidogo kishikio chekundu, shida ilikuwa mchanganyiko.

## Kutumia joto la kabureta

Kile kishikio kinafanya nini hasa?

Kinageuza mlango kwenye njia ya hewa. Badala ya hewa baridi iliyopita kwenye filta, injini inavuta hewa iliyozunguka bomba la ekzosi ndani ya kifuniko cha bati. Kanuni za Marekani za utengenezaji wa ndege zenye kabureta ya aina hii zilitaka mfumo huo uweze kupandisha joto kwa nyuzi 90 za Fahrenheit, yaani 50 za Selsiasi, injini ikiwa kwenye asilimia 75 ya nguvu. Hiyo ni kazi kubwa, lakini sharti injini iwe inawaka na imepata moto.

Nimevuta, injini imezidi kutetemeka na mizunguko imeshuka. Nirudishe?

Usirudishe! Unachosikia ni barafu inayeyuka na injini inameza maji. Ni sauti mbaya, inaweza kuchukua nusu dakika au zaidi, na kila kitu mwilini mwako kitakuambia kwamba umeharibu na urudishe kishikio haraka. Ukirudisha, unaiacha nusu ya barafu humo ndani, inaganda upya, na safari hii injini imepoa zaidi.

Shikilia. Linda kasi ya ndege, elekeza pua mahali panapofaa kutua, na ngoja. Waalimu wazuri huwaonyesha wanafunzi jambo hili wakiwa na kimo cha kutosha, ili siku ya kweli lisiwe geni.

Naweza kuvuta nusu?

Kama huna kipimajoto cha kabureta, hapana. Ni yote au hakuna. Joto nusunusu linaweza kuitoa hewa kwenye baridi kali ambayo unyevu wake umekwishakuwa chembe kavu zinazopita tu, na kuileta kwenye joto ambalo linagandisha vizuri zaidi.

Niliwashe wakati wa kupaa?

Hapana, isipokuwa mwongozo wako umesema. Hewa ya moto inapunguza nguvu, na Arusha huna ya kugawa. Kwenye nguvu kubwa inaweza pia kusababisha mlipuko usio wa kawaida ndani ya silinda. Kwa sababu hiyohiyo, ukighairi kutua: sukuma throtoli mbele yote, zima joto la kabureta, ndege ipande.

Ila kagua kabla ya kupaa. Baada ya kutembeza ndege polepole kwenye nyasi zenye umande na kusubiri ruhusa ya mnara dakika kumi injini ikizunguka polepole, barafu inaweza kuwa imeshajijenga ukiwa hata hujaondoka ardhini. Vuta joto, soma mizunguko, ngoja, zima, kisha ondoka mara moja.

Mbona mwalimu ananikataza kuliacha limevutwa nikiwa ardhini?

Kwa sababu ya vumbi. Hewa ya moto haipiti kwenye filta, na vumbi letu la udongo wa volkano ni msasa kwa silinda. Kwenye kiwanja cha vumbi kagua haraka, mahali pasafi zaidi unapopata.

Safarini nikague kila baada ya muda gani?

Kila dakika kumi au chini ya hapo, na mara nyingi zaidi ukiwa karibu na mawingu. Namna ya kusoma majibu imeelezwa kwenye swali la barafu na mchanganyiko mzito.

## Hali zisizo za kawaida

Nimevuta joto sekunde chache kabla ya injini kuzima, na imezima. Joto bado linasaidia?

Kidogo, na kwa muda mfupi tu, kwa joto lililosalia kwenye ekzosi. Liache limevutwa, propela ikiendelea kuzungushwa na upepo injini inaweza kushika tena. Lakini usikae ukiomba. Shika kasi ya kuelea, chagua mahali, tangaza Mayday (wito wa dharura) redioni, kamilisha orodha ya dharura. Upande wa magharibi wa kiwanja cha Arusha kuelekea Monduli kuna malisho na mashamba ya wazi. Upande wa mjini kuna kahawa, miti na nyumba. Kusini mwa Moshi kuna miwa, na miwa iliyokomaa si uwanja wa kutua hata ionekane laini kiasi gani ukiwa juu. Mambo haya yafikirie kabla ya kuruka.

Ndege yangu ina injekta. Nimepona?

Umepona na barafu ya mvuke wa petroli. Njia ya kuingizia hewa bado inaweza kuzibwa na barafu ya nje ukipita kwenye wingu lenye baridi ya chini ya sifuri, na ndiyo maana ndege hizo zina mlango wa hewa mbadala.

Helikopta je?

Robinson R22 na R44 yenye kabureta zinahitaji umakini wa ziada. Kifaa kinachodhibiti mizunguko kinafungua throtoli chenyewe barafu inapobana, kwa hiyo kinakuficha tatizo mpaka kiishiwe nafasi. Zina kipimajoto cha kabureta, lakini presha ya manifoldi ikishuka chini ya inchi 18 za zebaki mtengenezaji anasema kipuuzwe na joto livutwe lote.

Natumia petroli ya kituo cha mafuta kwenye Rotax. Kuna tofauti?

Ipo. Petroli ya magari hugeuka mvuke kwa wepesi kuliko petroli ya ndege, hivyo inapoza zaidi na barafu inakuja mapema. Kama Rotax yako haina kipasha joto cha kabureta, muulize fundi wako kuhusu kile kinachotumia maji ya moto ya rejeta.

Bodaboda yangu ina kabureta. Mbona haigandi?

Inaweza, kanuni ni ileile. Kwenye pikipiki ndogo kabureta imekaa karibu sana na silinda ya moto, na ikizima unaegesha pembeni mwa barabara.

Nimetua salama, lakini fundi kafungua kabureta na hajaona kitu. Nilikosea?

Si lazima. Barafu inayeyuka dakika chache baada ya injini kuzima, joto la injini linapopanda ndani ya kifuniko. Fundi anafika, anakuta kabureta kavu na safi. Ndiyo maana cha kuandika kwenye kitabu cha ndege ni vile ambavyo haviyeyuki: saa, kimo, joto la nje, joto la umande kwenye METAR ya karibu, umbali kutoka kwenye mawingu, throtoli ilikuwa wapi, na mizunguko ilifanya nini ulipovuta joto.

Halafu mwombe fundi akague mfumo wa joto wenyewe. Injini ikiwaka, joto likivutwa lazima mizunguko ishuke. Isiposhuka, hewa ya moto haifiki: bomba la kitambaa limechanika au limechomoka, waya wa kishikio umelegea, au mlango haugeuki hadi mwisho. Akague pia kifuniko cha ekzosi kama kina ufa, maana ekzosi iliyopasuka huingiza moshi kwenye injini, na kwenye ndege nyingi kifuniko cha aina hiyohiyo ndicho kinachopasha joto chumba mnachokaa.